Ng' Haionekani Mdomoni

Juzi mlinijia hapa mtaani Tena, nyinyi wawili, na mabegi yenu na heshima zenu, mkaniuliza swali nikajifanya sikulisikia. "Shosho, ni ukweli mlikuwa mnakalisha watoto juu ya mikono?" Kwanza mimi si shosho, mimi Mluhya, kwetu nyanya anaitwa kukhu. Pili, nikasema maji yamechemka, nikaenda jikoni, nikakaa huko mpaka mkaanza kuangalia saa.

Sasa nimekaa chini naandika, kwa sababu mwezi ujao mnaanza kazi niliyoiacha. Ndiyo, ni ukweli. Nilifundisha watoto viziwi miaka ishirini na tisa, mingi yake katika darasa moja la mabati nyuma ya shule ya msingi ambayo sitaitaja, huku huku Eastlands ya Nairobi. Habari ninayowapa ni ya mwanzo wa miaka ya tisini. Ni ya msichana aliyeitwa Achieng', aliyekuwa na miaka tisa na hakufika kumi, na ya sauti moja iliyokuwa mwisho wa jina lake. Nikizungukazunguka kabla ya kufika, mnivumilie. Si habari ya kuikimbilia.

Basi tuanze na pua. Sauti za pua kwa Kiswahili ni nne: m, n, ny na ng'. Pumzi inazibiwa njia mdomoni, inapanda puani, pua inatetemeka. Weka kidole hapa kando ya pua yako useme mmm. Umeona? Kiziwi hasikii, lakini kidole chake si kiziwi. Ndivyo tulivyofundisha: kidole cha mtoto kwenye pua yangu, kidole changu kwenye pua yake, na kioo kidogo chini ya matundu ya pua. Kioo kikifanya ukungu, sauti imepita panapostahili. Kama ni msimu wa baridi, kioo hufanya kazi vizuri zaidi. Hayo hamtayasoma chuoni siku hizi, mna mashine.

M ni rahisi, mtoto anaona midomo ikifungwa. Ni lugha chache mno duniani zisizo na m, na vichanga wa kila taifa huanza nayo. N unaweza kuichungulia, ncha ya ulimi iko nyuma ya meno. Ny kwa taabu. Lakini ng'! Ng' inatengenezwa kule nyuma gizani, shina la ulimi limepanda kuziba, na mdomo wenyewe uko wazi tu. Mtoto kiziwi anakuangalia usoni haoni kitu. Wewe unamwambia, sema hii. Yeye anaona mwalimu amekaa mdomo wazi kama aliyesahau alichotaka kusema.

Dawa yake ni kijiko. Mwambie mtoto aseme n. Akiwa anaisema, bonyeza ncha ya ulimi wake kwa mpini wa kijiko, polepole, isipande. Ulimi utatafuta pengine pa kuzibia, utainuka nyuma, na ng' itatokea yenyewe. Vijiko vichemsheni kila asubuhi, na mvihesabu jioni. Mimi nilipoteza vijiko saba muhula mmoja kabla sijagundua kwamba watoto wangu walikuwa wanavichukua kwenda kulia githeri yao ya mahindi na maharagwe. Na chungeni vidole. Kovu hili la kidole cha shahada ni la meno ya mtoto aliyeitwa Mutua, na alikuwa na haki.

Aliyenifundisha kijiko ni Bi. Gathoni, mkuu wa kitengo chetu, mama mfupi mwenye sauti ya kanisani. Jamani, yule mama alijua kazi! Alifundishwa na Mzungu mmoja ambaye, alikuwa akituambia akicheka mpaka anashika mbavu, alijua kila kitu kuhusu ng' isipokuwa kuisema. Kiingereza kinayo, lakini mwisho wa neno tu au katikati. Ukimwekea Mzungu ng' mlangoni anajikwaa. Alikuwa akisimama ubaoni anawafundisha walimu Wakikuyu na Wajaluo na Wakamba, watu waliozaliwa nayo, namna ya kutamka ng'ombe, na yeye mwenyewe anasema "ning'ombe".

Bi. Gathoni alibandika ramani ya dunia ukutani, na juu yake akagandisha nafaka kwa gundi. Haragwe jekundu ni pale watu wanapoanza neno kwa ng'. Ndengu ni pale inapokuja mwisho tu. Kwetu huku kulijaa maharagwe, hata pa kusoma jina la nchi hapakuwepo. Haragwe Vietnamu, haragwe Ufilipino, haragwe New Zealand kwa wenyeji wa kule. Ndengu Uingereza, ndengu Ujerumani, ndengu Korea. Uchina alibishana nayo wiki nzima akaiwekea zote mbili. Waarabu aliwaacha wazi. Muhula uliofuata wadudu waliitoboa Vietnamu yote, akaibandika upya bila kununa. Mtu wa namna hiyo humwiti mbaya. Uji wa watoto wasio na chochote aliununua yeye, na hakuna aliyemwomba.

Lakini alikuwa na sheria moja. Mikono ni uvivu wa mdomo, alisema. Mtoto akiruhusiwa kuongea kwa ishara, kwa nini ahangaike na ulimi? Na kesho akiwa mtu mzima, kule viwandani nani atamwajiri mtu wa kupungapunga mikono? Kwa hiyo darasani watoto walikalia mikono. Viganja chini ya mapaja, hivi, kwenye benchi la mbao, toka saa mbili mpaka mapumziko. Shule nyingine zilikuwa zimeanza kuachana na mambo hayo. Hata waraka uliletwa kwamba ishara ziruhusiwe. Bi. Gathoni aliusoma, akauweka chini ya birika.

Mimi niliamini. Msinitetee, wala msiniambie, "Ndivyo mlivyofundishwa, kukhu." Niliamini kuliko yeye.

Sasa Achieng'. Mama yake aliuza mgongo wazi kule Dandora, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishapelekwa ng'ambo. Aliikaanga kwenye karai kando ya barabara, na shati lake lilinukia mafuta hata Jumapili. Siku aliyomleta mtoto alikaa kwenye benchi langu mgongo wima, kama mtu aliyekuja kuombea ndugu yake kazi.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu si bubu. Mimi na yeye tunaongea. Akitaka chai ananiambia, akiwa na hasira ananitusi."

Achieng', ambaye alikuwa amenitazama toka kichwani mpaka chini, akafanya kitu haraka kwa vidole. Mama akacheka, akajifunika mdomo.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Aa, ni utoto tu, mwalimu."

"Sema."

"Amesema umevaa viatu vya askari."

Ningecheka. Leo ningecheka, nilikuwa nimevaa viatu vya askari kweli. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na nne na cheti kipya, nikakunja uso. Nikamwambia, "Mama Achieng', hiyo mikono ndiyo inaua mdomo wake. Kuanzia leo akikuonyesha kitu kwa mkono, geuza uso. Usimjibu mpaka afungue mdomo."

"Hata akitaka maji?"

"Hata maji."

"Na akilia?"

"Atalia wiki moja, ya pili ataongea. Unataka aongee ama hutaki?"

"Ni nani hataki, mwalimu," akasema yule mama. Akamshika mtoto begani, akamgeuza anitazame, akaondoka.

Mwaka ule ule, mwezi wa saba, tukasikia wakubwa watakuja kukagua. Mwalimu mkuu alilitaka darasa letu liwe stoo, na uvumi ulikuwa kwamba kitengo kitafungwa. Bi. Gathoni akasema tusiombe wala tusilie. Kila mtoto atasimama mbele ya wageni ataje jina lake. Hakuna mkubwa atakayefunga darasa ambamo viziwi wanataja majina yao. Mutua alikuwa na jina la kukaa mdomoni. Wanjiku, sawa. Achieng' alifika "Achie" akakwama, mdomo wazi, haoni kinachofuata.

"Basi atumie la ubatizo," Bi. Gathoni akasema. "Si anaitwa Meri? Meri ni m, atalimaliza kesho."

Nikasema hapana. Nikasema huyu atasema Achieng', mpaka mwisho. Bi. Gathoni akanitazama. "Truphosa, unamfanyia mtoto ama unajifanyia?" Nikamjibu kwa ujeuri wa ujana kwamba ni kitu kimoja.

Wiki mbili nilimzuia mapumziko ya uji. Wengine wakitoka, yeye anabaki, magoti yetu yamegusana. Mkono wake mmoja kwenye pua yangu, wa pili ameukalia. Kijiko. N. Bonyeza. N. Tena. Mnajua Julai ya Nairobi ilivyo, mabati yanatoa maji, vidole vimekufa ganzi. Nakumbuka vizuri, mno, kwamba pua yake ilikuwa ya moto. Niliweka kidole changu pale kila asubuhi na nikafurahi, naapa nilifurahi, kwamba kidole kinapata joto.

Alikuwa na pamba sikioni, na harufu. Nusu ya darasa langu walikuwa na masikio ya usaha, ndiyo yaliyowafanya wengine viziwi, na sisi tulikuwa tumezoea. Mtu akizoea harufu haiulizi tena imetoka wapi.

Alikuwa akiuchomoa ule mkono aliokalia. Unatoka, unapanda kuelekea kichwani, nami naukamata katikati ya njia, naurudisha chini ya paja. Unatoka tena, naurudisha. Siku moja ulipotoka mara ya tatu nilimpiga rula vidoleni. Si kwa nguvu. Ndivyo tulivyokuwa tukisema sote, si kwa nguvu.

Na kila alipoikaribia ile sauti alitokwa machozi. Nikadhani ni jitihada. Bi. Gathoni alipita akachungulia, akasema machozi ni dalili njema. Nyinyi siku mkiwa na jino bovu, hebu semeni ng' muivute. Inatikisa kichwa kizima.

Alhamisi ikatoka. Kioo kikafanya ukungu, kidole changu kikasikia mtetemo, ng' safi, ndefu, ng' ya mtu aliyezaliwa nayo. Nilipiga ukelele mpaka mpishi akaja kuuliza nani ameungua. Nikampa Achieng' andazi langu. Hakulila, alilitia mfukoni.

Ijumaa wakaja wageni, makoti na mafaili. Mutua akataja lake, Wanjiku lake. Achieng' akasimama ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilimkazia macho, maana ishara haikuruhusiwa hata kwangu. Akasema, "A-chi-e," akakwama, halafu akaimalizia: ng'. Aliivuta mpaka pumzi ikamwishia. Wageni wakapiga makofi. Mmoja alifuta macho. Achieng' akakaa, akalaza kichwa kwenye dawati. Nikaenda nikamwinua, kwa sababu wageni walikuwa bado hawajatoka.

Jumatatu hakuja. Jumanne jirani yao akaja kutuambia. Jumapili shingo ilikuwa imekauka kama mti na hataki mwanga, wakamkimbiza hospitali, Jumatatu asubuhi akafa. Daktari alimwambia mama kwamba sikio lilikuwa limeoza ndani, usaha umepasua njia mpaka kwenye utando wa ubongo. Na kwamba maumivu yake si ya siku moja wala mbili. Angeletwa wiki moja mapema, alisema, pengine.

Majirani walichanga, mama akampeleka nyumbani magharibi kumzika.

Mimi nikabaki na rejista. Jumatano asubuhi niliposimama kuita majina nilimruka, nikaendelea na aliyefuata. Mutua akatoa mkono chini ya paja. Kwanza aliitazama mikono yangu kuona kama nina rula. Sikuwa nayo. Akaweka kidole kando ya pua, akaonyesha nafasi tupu kwenye benchi, na watoto wote kumi, mmoja baada ya mwingine, wakaweka kidole kando ya pua. Kumbe ndilo lilikuwa jina lake kwao. Walimwita kwa kile nilichomfanyia.

Halafu Mutua akakunja ngumi, akaiweka nyuma ya sikio, akaifungua na kuifunga, kufungua na kufunga, na uso wake ukakunjamana. Wanjiku akafanya vivyo hivyo. Wote wakafanya. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nikauliza kwa mdomo, na kwa mara ya kwanza kwa mikono pia, kama mjinga: lini? Mutua akainua vidole. Vinane.

Siku nane za shule kabla hajafa. Kule nje kwenye vumbi, wakati wa chakula, mahali ambapo Bi. Gathoni na mimi hatukutaka kutazama, Achieng' aliwaambia watoto kumi kwamba kichwa chake kinapasuka nyuma ya sikio. Darasa zima lilijua. Wasiojua walikuwa wawili, na walikuwa walimu.

Nilipomweleza Bi. Gathoni alisema, "Ni Mungu." Alistaafu bila kubadilisha neno. Darasa halikufungwa, wale wageni waliandika mazuri. Mimi benchi lile sikumkalishia mtoto mikono tena, nikajifunza ishara kutoka kwa Mutua, na alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi, alinikemea mbele ya wenzake. Vijiko na kioo sikuvitupa. Mtoto anayetaka sauti nilimsaidia kuitafuta, mikono yake ikiwa huru mezani. Hilo ndilo ningewapa kama ushauri na kufunga barua, mngeridhika.

Lakini mliniuliza kama ni ukweli, na ukweli haujafika.

Baada ya wiki tatu nilisikia mama amerudi. Nikaenda Dandora Jumamosi, nikampata kwenye karai lake kama kawaida, maana samaki hawangoji matanga. Akanivutia ndoo, akaipangusa kwa kanga nikae. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kuhusu mkono niliourudisha, kuhusu pua ya moto, kuhusu rula. Nilitaka anitukane, na Mungu ananisikia, nilitaka sana.

Yeye akaanza. "Mwalimu, siku ile ya wageni sikuweza kuja, samaki walikuwa wamefika. Alilisema?"

"Alilisema, mama."

"Lote?"

"Lote. Mpaka mwisho."

Akageuza mifupa kwenye mafuta, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Mimi sikulisikia," akasema. "Nyumbani hakulisema. Nyumbani alikuwa na mikono tu."

Nikasema, "Mama Achieng', nimekuja kukuambia kitu."

"Ngoja kwanza," akasema, bila kunitazama. "Niache nikuambie, nimechoka kukaa nacho. Mimi niliona, mwalimu. Ile wiki, niko hapa hapa nakaanga, akaja akaweka ngumi hapa nyuma ya sikio, akafanya hivi, hivi. Nilijua ni nini. Tangu akiwa mdogo hivyo ndivyo anavyosema kichwa kinaniuma. Nikakumbuka maneno yako, nikageuza uso. Akazunguka upande ule mwingine, akanionyesha tena. Nikageuza tena. Nilitaka aongee, mwalimu, si wewe ulisema ni wiki moja tu? Akaniangalia. Kisha akaenda akakaa pale kwenye jiwe, akaiweka mikono chini ya mapaja, yote miwili, vizuri. Na mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, mwalimu wake angekuwa hapa angeona amejifunza."